Jirani Tuliyemshuku Kaka Alipoanguka

Kaka yangu mkubwa alianguka siku ya Alhamisi, muda mfupi baada ya kula chakula cha mchana kwa jirani yake. Shemeji alinieleza hayo kwa simu, na katika yote aliyosema, neno lililonibaki kichwani ni lile la jirani.

Nilikuwa Malaba, yadini, kwenye maegesho ya forodha, nyuma ya lori lililokuwa likisubiri kuvuka kwenda Uganda, nikilinganisha namba ya sili, ile lakiri ya mlango wa lori, na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini katika kampuni ya uwakala wa forodha. Dereva akikuambia amebeba mchele, humwamini. Unasoma karatasi, unatazama sili, kisha unamtazama yeye usoni. Kazi kama hiyo inakuingia mwilini. Mke wangu husema hata nikimpa mtoto wangu hongera, namwuliza kwanza alama zile amezipataje.

"Shemeji, njoo," mke wa kaka alisema. "Kaka yako ameanguka. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia haushiki kitu."

"Ameanguka wapi?"

"Uani kwa jirani. Walikuwa wametoka kula."

"Walikula nini?"

Alijua ninachouliza, nami nilijua kwamba amejua.

Miaka michache kabla ya hapo, kaka na jirani huyo waligombania mpaka. Mashamba yao huko Marachi yametenganishwa na mstari wa mikonge, na jirani aliing'oa miwili mitatu alipokuwa akilima. Ilibidi chifu aje na kamba apime. Baadaye walipatana, wakaanza hata kusaidiana kupalilia na kualikana chakula. Mimi sikuyaamini mapatano hayo hata siku moja. Nilikuwa nikienda nyumbani likizoni nawakuta wamekaa pamoja wakicheka, na moyoni najiuliza yule mtu anatafuta nini.

Nilipanda gari hadi Bumala, nikachukua boda hadi hospitali alikolazwa. Jirani alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi. Shati lake lilikuwa limechafuka kwa matapishi ya kaka. Yeye ndiye aliyempakata kwenye pikipiki njia nzima, amemshika kwa nyuma asianguke. Sikumshukuru. Nilisimama mbele yake kama ninavyosimama mbele ya dereva.

"Mlikula nini?"

"Ugali na samaki."

"Nani alipika?"

"Mke wangu."

"Na wewe ulikula samaki huyohuyo?"

Ni mtu mzima kuliko mimi, na hakuzoea kuulizwa hivyo. "Tulinawa beseni moja, tukamega ugali mmoja," akasema. "Kama kuna jambo unataka kuniuliza, niulize."

"Nimekwisha uliza," nikasema, nikaingia ndani.

Daktari aliyekuwa zamu alituambia ni kiharusi, na kwamba kimeletwa na presha. Kaka alipofikishwa presha yake ilikuwa mia mbili na kumi juu ya mia moja na thelathini. Aliuliza kama mgonjwa alikuwa akijua ana presha. Shemeji akasema hapana, mume wake hajawahi hata kulalamika kichwa. Mimi nikamwita daktari pembeni nikamwambia apime pia sumu. Hakukasirika.

"Mzee, nimekusikia," alisema. "Lakini sioni dalili ya sumu hapa. Naona presha. Na wewe, kama ndugu yake wa damu, umewahi kupimwa?"

"Mimi sijambo," nikamjibu. Nilimshuku hata yeye. Nilidhani anageuza maneno ili asifanye kazi.

Jioni ile watu wa ukoo walikusanyika nyumbani kwa kaka. Dada yetu alilia akasema ndugu yake amelogwa. Mjomba akauliza ni nani mwenye sababu. Mimi, niliyesoma, niliyetoka mjini, ambaye neno langu lilikuwa na uzito pale, nilisema hivi: "Mimi sisemi kitu. Ninauliza tu, alikula wapi?"

Sikumtaja mtu, na haikunilazimu. Sentensi ile ilitoka uani kabla yangu. Ndani ya wiki mbili nilisikia kwamba kina mama kanisani hawaketi tena benchi moja na mke wa jirani. Watu waliokuwa wakinunua maziwa kwake waliacha. Asubuhi moja jirani aliamka akakuta migomba yake sita imekatwa. Hakwenda kwa chifu. Nilipoelezwa hilo nilisema, unaona, anajua alichofanya.

Kaka alipotoka hospitali alikuwa anaongea kama mtu mwenye kitu kinywani, na upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Jumamosi moja nilienda kumwona, na shemeji akaniomba nimtafutie kadi ya bima. Alisema huenda iko kwenye koti la kanisani. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Kadi niliipata mfuko wa nje. Katika mfuko wa ndani nilipata daftari dogo lililofunikwa kwa gazeti. Kilikuwa kitabu cha kliniki, na jina lake liko juu.

Nilikisoma nikiwa nimesimama palepale nyuma ya mlango. Alikuwa amepimwa mara tatu, katika vituo viwili tofauti. Mara ya kwanza mia moja sabini na kitu. Mara ya pili imepanda. Mara ya tatu imepanda zaidi, na muuguzi amepigia mstari mara mbili: aanze dawa, apunguze chumvi na mafuta, arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku ile ya ugali na samaki. Nimesoma karatasi za watu wengi wanaodanganya, na najua pia karatasi za kweli zinavyokuwa. Zile zilikuwa za kweli.

"Umeipata?" shemeji akaita kutoka jikoni.

"Kadi ndiyo hii," nikasema. Kitabu nilikitia mfukoni mwangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya hivyo. Jibu si zuri. Nilikuwa nimekwisha sema. Kama ningekitoa kitabu kile siku ile, watu wangeniuliza habari ya jirani na habari ya migomba yake, na mimi ndiye niliyeanzisha. Nikajiambia nitasubiri kaka apate nafuu kwanza. Nikakipeleka Malaba, nikakificha kwenye droo ya meza yangu, chini ya fomu za zamani.

Lakini nilikuwa nikikitoa kila mara. Nilianza kumfikiria baba yetu, aliyefia njiani akitoka shambani akiwa na jembe begani. Tulimtaja mtu. Nilimfikiria shangazi, aliyeanguka akichota maji. Hapo napo tulimtaja mtu, na familia yake ilihama. Watu watatu wa damu moja, wote wameanguka kwa namna moja, na kila mara sisi tulikuwa tunatazama upande wa pili wa mpaka. Shaka yangu, ambayo maisha yangu yote ilikuwa inatazama nje, ikaanza kunigeukia. Nilianza kuusikiliza moyo wangu. Nikipanda ngazi ya lori nasikia unagonga. Asubuhi kisogo kinauma, jambo nililokuwa nikisema linaletwa na mto wa kulalia.

Nikaenda duka la dawa hapo Malaba. Kijana wa dukani akanifunga kile kitambaa mkononi, kikakaza, kikaachia: mia moja sabini na nane juu ya mia moja na nane. Nikamwambia mashine yake mbovu. Kesho yake nilivuka kwenda upande wa Uganda kwa shughuli za kazi, nikaingia duka jingine. Mama wa pale aliniita bwana kwa Kiganda, akasema, "Ssebo, kaa kwanza, pumzika, usiongee." Akapima. Tofauti ilikuwa namba mbili tu. Nilitoka nikisema labda mashine hizi zote zinatoka kiwanda kimoja. Siku ya tatu nikaomba ruhusa nikaenda hospitali ya Kocholia, nikapanga foleni na wazee wenzangu. Namba ikawa ileile.

Muuguzi wa kliniki ile alikuwa mama wa makamo, mtaratibu wa kuongea. Aliniuliza ninakula nini, ninalala saa ngapi, ninatembea kiasi gani. Nikamwambia nakunywa chai ya maziwa yenye sukari vikombe vitano, chapati mbili asubuhi, mchana nyama, jioni nyama. Kutembea, nikamwambia, boda ziko.

"Chumvi unaongeza mezani?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kuonja kwanza ama kidogo ya kumwaga tu?"

Alinieleza kwamba chumvi yote ninayokula kwa siku, hata ile iliyofichwa kwenye mkate na viungo vya pakiti, isizidi kijiko kidogo cha chai. Nipunguze vya kukaangwa, niongeze mboga na matunda, nitembee angalau nusu saa karibu kila siku, na nimeze dawa kila siku bila kuruka, hata nikijisikia mzima. "Presha haina kelele, mzee," alisema. "Ukingoja ikuume ndipo uamini, utakuwa umechelewa."

Mke wangu, ambaye nilikwenda naye, alimwuliza jambo kwa Kiteso. Wote wawili ni watu wa huko. Wakazungumza kidogo, wakacheka. Mimi sijui Kiteso zaidi ya salamu. Nilikaa pale nikiwatazama, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza wamepanga nini.

Tangu siku hiyo jiko letu lilibadilika. Kikopo cha chumvi kiliondoka mezani. Mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko. Asubuhi niliwekewa uji wa wimbi bila sukari, mchana viazi vitamu, jioni ugali wa muhogo na mtama na mboga za kienyeji zilizoungwa kwa karanga alizosaga mwenyewe. Samaki aliyekuwa akikaangwa sasa alichemshwa na nyanya na ndimu. Nilikula nikaona ninakula nyasi. Nikamwambia hivyo.

"Ulimi wako utazoea," alisema.

"Ama mnataka nife mapema kwa njaa."

"Nani na nani?"

"Wewe na huyo muuguzi wako."

Alinitazama, akaendelea kumega ugali wake.

Dawa nazo niliziacha wiki ya tatu. Dereva mmoja yadini aliniambia vidonge vya presha vinammaliza mwanaume, kwamba binamu yake alivimeza na sasa anamkimbia mkewe. Sikumwambia mke wangu wala muuguzi. Kila asubuhi nilitoa kidonge kimoja nikakitupa chooni, ili pakiti ipungue inavyotakiwa. Ilikuwa akili ya forodha ile: hesabu ya nje iwe sawa, ndani mtu asijue. Na kila mchana, saa saba, nilikuwa nikienda kibanda kimoja nyuma ya maegesho ya malori ambako dada mmoja hukaanga nyama ya nguruwe kwa mafuta yake yenyewe. Akiniona tu anasema, "Karibu boss, kiti chako kiko," na chumvi anaimwaga pembeni ya sahani, ya kuchovyea.

Siku moja nilikuwa katikati ya sahani hiyo mke wangu alipoingia. Anashona nguo mjini, kibanda chake cha cherehani kiko mbali na hapo, kwa hiyo hakupita kwa bahati. Hakupaza sauti. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, akamwambia dada wa kibanda, "Niletee kama hii yake. Chumvi kama yake."

"Umenifuata," nikasema.

"Shati lako linanuka nguruwe kila siku. Na vidonge vinaisha vizuri sana. Mtu anayesahau hata simu yake, vidonge hajasahau hata siku moja? Nikajua."

"Unanichunguza?"

"Nimejifunza kwako."

Sahani yake ikaja. Hakuigusa. Alikuwa anatazama mikono yake. "Wiki iliyopita nilipokwenda Marachi," akasema, "nilimsaidia shemeji kumgeuza kaka yako. Tulikuwa wawili, na bado alitushinda. Ana kidonda mgongoni, umekiona? Hujakiona, wewe unakaa sebuleni. Shemeji anamgeuza usiku na mchana, anamwosha, anamlisha na kijiko. Mgongo wake mwenyewe umeisha. Sasa mimi nataka uniambie hapa, ukishaanguka, nani atakugeuza? Niambie jina."

Watoto wetu wako mbali, na yeye ana nusu ya uzito wangu. Watu wa meza ya pembeni walikuwa wameacha kutafuna wanatusikiliza. Mke wangu alinyanyuka, akaenda zake, na sahani yake ikabaki imejaa. Nyama iliyokuwa mbele yangu niliisukuma pembeni.

Wiki hiyo nilirudi Kocholia peke yangu, nikamwambia muuguzi ukweli wote, pamoja na ile habari ya mwanaume kumalizwa, ambayo niliisema nikitazama ukuta. Hakucheka.

"Wengi wanaziacha kwa sababu hiyo na hawasemi," alisema. "Dawa ziko aina nyingi. Ukiona shida yoyote unakuja, tunabadilisha. Lakini usiache mwenyewe. Na presha yenyewe, ukiiacha tu, ndiyo inayoharibu mishipa, hata ya huko."

Nilianza upya. Safari hii sikumdanganya mtu. Jioni nikitoka yadini sikupanda boda. Nyumba yetu iko nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Adungosi, na kwa mwendo wangu wa kwanza ilinichukua zaidi ya saa moja, nikisimama mara tatu kushika kiuno. Waendesha boda walinifuata polepole pembeni. "Mzee, panda, leo nakubeba bure. Tumekukosea nini?" Baada ya mwezi mmoja nilikuwa sisimami. Baada ya miezi miwili nilikuwa ninafika kabla giza halijaingia na bado nina pumzi ya kuulizia habari za nyumbani. Ulimi ulizoea, kama mke wangu alivyosema. Siku moja harusini nililishwa pilau, nikaona ni chumvi tupu, nikamtazama mke wangu, naye akatazama pembeni asinicheke.

Mwili ulipungua. Suruali zikaanza kunivuka. Hapo ndipo yakaanza mengine.

Mji wa mpakani una macho mengi, na mtu akikonda huku, watu wana jibu tayari. Nilianza kuona jinsi wenzangu wanavyonitazama shingoni. Mmoja aliniuliza kama nimepima "ile nyingine", akimaanisha ukimwi. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani kumwombea mke wangu, wakamshika mikono, wakamwambia awe na nguvu kwa lolote litakalokuja. Wengine walisema hapana, yule mzee ana mwanamke huko njia ya Adungosi, ndiyo maana kila jioni anakwenda kwa miguu asijulikane. Yadini tulikuwa tunakunywa maji kwa kikombe kimoja cha bati kilichokaa juu ya mtungi. Nikagundua kwamba nikishakinywea, hakuna anayekigusa.

Halafu siku moja nilikuwa nyuma ya lori, nikamsikia karani mwenzangu upande wa pili akiongea na dereva. Mtu niliyemfundisha kazi. Alisema, "Mimi sisemi kitu. Ninauliza tu, mzee anaisha hivi kwa nini?"

Nilibaki pale nimeshika sili. Alikuwa amezungumza maneno yangu. Maneno hayo hayana uongo ndani yake, huwezi kumshitaki mtu kwa ajili yake, na yalikuwa yameninyima hata mwenzi wa kunywa naye maji. Nilikumbuka migomba sita. Nilikumbuka shati lenye matapishi.

Jioni ile nilikitoa kitabu cha kliniki kwenye droo, nikakipeleka nyumbani, nikamwekea mke wangu mbele yake. Akakisoma hadi mwisho. Nilitarajia aniulize kwa nini nilikificha.

"Unakipeleka lini?" alisema.

Nilikwenda Jumamosi. Nilianzia kwa kaka. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, mto umewekwa upande wa kulia asiinamie. Nilipokitoa kitabu alikijua kabla sijasema. Machozi yalimtoka upande mmoja kuliko mwingine. Maneno yake yalikuwa mazito, shemeji akawa ananitafsiria.

"Anasema aliambiwa dawa ni ya maisha," shemeji alisema. "Anasema aliona kama amehukumiwa. Hakutaka nijue anameza dawa kama mzee." Kisha sauti yake ikabadilika, akaacha kutafsiri. "Mimi nilimwambia mke wa jirani asikanyage hapa. Nilimwambia mbele ya watu kisimani. Yeye huyu alikuwa anajua, amelala hapa kimya. Na wewe shemeji ulikuwa unajua. Nyinyi wawili!" Akaingia ndani akafunga mlango. Hakutoka hadi nilipoondoka.

Nikavuka mikonge. Jirani alikuwa uani, anapura maharagwe kwa fimbo juu ya turubai. Aliponiona aliendelea kupura. Nilisalimu, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia nimeleta kitu akisome. Aliiweka fimbo chini, akapangusa mikono, akavaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, taratibu, hata yale ya kiwango cha sukari yasiyohusika.

"Umekaa nacho muda gani?"

"Miezi mitano."

"Mitano." Alikifunga. "Na migomba yangu ilikatwa mwezi gani?"

"Kabla sijakipata. Lakini hata nilipokipata niliwaacha waendelee kusema."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Nilimwomba msamaha yeye kwanza, kisha mumewe. Mama yule aligeuka akaingia ndani. Jirani alinirudishia kitabu.

"Mimi usiniambie," alisema. "Mimi nilikuwa najua kwamba sikumlisha mtu sumu. Nenda ukawaambie wale uliowauliza alikula wapi."

Jumapili hiyo sikurudi Malaba. Baada ya ibada niliomba nafasi ya matangazo, nikasimama mbele na kitabu mkononi, nikasoma tarehe moja baada ya nyingine, nikasema mimi ndiye niliyeanzisha maneno na mimi ndiye niliyeficha karatasi. Nikasema pia kwamba nina presha, kwamba kukonda kwangu ni chakula na miguu, na kwamba baba yetu na shangazi huenda hawakuuliwa na mtu yeyote. Ungedhani kanisa zima lingepumua. Haikuwa hivyo. Mjomba alitoka nje kabla sijamaliza. Nilipokuwa nikivaa viatu vya safari, dada yetu aliniambia amesikia kwamba jirani amenipa kitu nikakila, ndiyo maana nimegeuka. Kwa kupanda shaka sentensi moja ilitosha. Kuiondoa, nimeona, hata kitabu chenye mihuri hakitoshi.

Nilichoweza kufanya kilikuwa kidogo. Niliwalazimisha ndugu zangu wote wapimwe, hata dada, ambaye alikutwa na presha na akakasirika na mimi kana kwamba mimi ndiye niliyempa. Kaka alianza kumeza dawa zake mbele ya shemeji, na mtu wa mazoezi wa hospitali alimfundisha kusimama. Kwanza alishika ukuta, kisha fimbo. Mke wangu alimwachia shemeji mbegu za mboga na akakaa naye siku tatu wakipika pamoja. Shemeji aliendelea kutonisemesha hadi mavuno, kisha siku moja akaniwekea uji mbele yangu, akasema, "Hauna sukari, usinitazame hivyo." Mimi presha yangu ilishuka taratibu. Siku nyingine inapanda kidogo, nikigombana na watu wa kazini au nikilala vibaya, basi muuguzi ananiuliza maswali na namjibu yote.

Jirani hakuniongelesha kwa karibu mwaka mzima. Nilimsalimu kila nilipopita, akaitika kwa kidevu. Kisha asubuhi moja ya siku ya soko alinikuta njiani, nimekuja kumwona kaka. Alisimama. Akatazama shamba la kaka, akatazama lake.

"Mke wangu kichwa kinamuuma," alisema. "Kisogoni. Mwezi sasa. Anasema ni jua."

"Amepimwa?"

"Hataki. Anasema watu wa kliniki watamwambia maneno."

Nikamwambia nitangoja kama watataka twende wote. Akaenda zake, nami nikadhani yameisha. Lakini baada ya nusu saa niliwaona wanakuja, mama amejifunga leso safi, mumewe nyuma yake na mwavuli. Tulikwenda kwa miguu hadi kituo cha afya, wao mbele, mimi hatua chache nyuma, kwa sababu sikujua kama nimekaribishwa kutembea nao sambamba. Tulikaa kwenye benchi moja tukingoja zamu. Habari ile hatukuigusa. Jirani aliniuliza huko Malaba mvua imenyesha kiasi gani. Nikamwambia nyingi mno, mahindi yameanza kugeuka manjano. Akasema kwake pia. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita aliye mbele, na yule mama akanyanyuka, akamkabidhi mumewe mkoba wake, akaingia.